Mifuko miwili ya North Randall

Kijiji cha North Randall kimejibanza pembeni mwa jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Wakazi wake ni kama elfu moja tu. Ukiwaalika wote kwenye ukumbi mkubwa wa harusi hapa Dar es Salaam, watakaa na viti vitabaki. Lakini kijiji hiki kidogo kiliwahi kuwa na jumba la maduka lililotangazwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, na kwa fahari ya jambo hilo nembo rasmi ya kijiji ikachorwa mifuko miwili ya dukani. Sehemu nyingine huchora mlima wao, mto wao, jembe au ng'ombe. North Randall walichora mifuko ya kubebea manunuzi.

Jumba lenyewe liliitwa Randall Park Mall. Lilifunguliwa Agosti 1976, likafungwa 2009, na mwishoni mwa 2014 mashine zikaanza kulibomoa. Leo mahali hapo pamesimama ghala la Amazon. Ukimsimulia mtu kisa hiki, hata kabla hujamaliza atakukatiza: ni intaneti hiyo, watu siku hizi wananunua kwenye simu. Nimesikia jibu hilo mara nyingi, na naona linatupoteza. Linatufanya tuamini kwamba jumba lilikuwa na afya njema hadi adui alipotoka nje akalipiga. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa Randall Park ulikuwamo kwenye mahesabu yaliyolijenga, na mahesabu hayo ndiyo yanayopigwa sasa hivi katika miji yetu. Ndiyo maana naandika.

Aliyelijenga ni Edward J. DeBartolo, mtu wa Youngstown, mji wa viwanda vya chuma uliopo katika jimbo hilohilo la Ohio. Wakati ule alikuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa kabisa wa majumba ya maduka Marekani. Eneo alilolichagua lilikuwa uwanja wa mbio za farasi. Akaweka jumba la futi za mraba zaidi ya milioni 2, sawa na viwanja vya mpira zaidi ya 25 ukivipanga ubavu kwa ubavu, na kulizunguka akamwaga lami ya kuegesha maelfu ya magari. Ndani yake yaliingia maduka makubwa matano kwa mpigo: Sears, JCPenney, May Company, Higbee's na Horne's. Katikati ya hayo matano zikapangwa fremu ndogondogo za nguo, viatu, saa, vito na vyakula, zote chini ya paa moja, kiyoyozi wakati wa joto na joto la mashine wakati wa theluji.

Nikiitazama tarehe ile, akili yangu inarudi nyumbani. Soko la Kariakoo, lile jengo lenye mapaa yanayofanana na miavuli lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Ni rika moja na Randall Park. Nitalirudia baadaye.

Kwanza, kwa nini Mmarekani alijenga majumba makubwa namna hii, tena mengi kiasi hiki? Jibu la kawaida ni kwamba watu walinunua magari na kuhamia pembezoni mwa miji. Ni kweli. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilifanya serikali kuu ilipe asilimia 90 ya gharama za mtandao mpya wa barabara kati ya majimbo, na maduka yakafuata lami. Lakini kuna sababu nyingine isiyosimuliwa sana, nayo imo kwenye vitabu vya kodi.

Serikali humruhusu mwenye jengo apunguze kiasi fulani kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, kwa kuwa jengo huchakaa. Zamani uchakavu huo uligawanywa sawasawa kwa maisha yote ya jengo. Mwaka 1954 Bunge la Marekani likaruhusu sehemu kubwa ya uchakavu ihesabiwe katika miaka ya mwanzo, na unafuu ukawa mkubwa zaidi kwa jengo jipya kuliko kwa jengo kuukuu. Tazama maana yake kwa mwenye fedha. Jumba lake limefunguliwa jana, linang'aa, wapangaji wamejaa, pesa inaingia kila mwezi. Kwenye karatasi za kodi jumba hilohilo linaonekana linakula hasara, na hasara hiyo ya karatasi inamkinga asitozwe kodi hata kwa faida yake ya kwingineko. Miaka ya unafuu ikipita, anauza, anahamia shamba jingine la mahindi kando ya barabara nyingine, anaanza upya. Kukarabati la zamani hakumpi unafuu huo. Kwa hiyo lilijengwa jumba jipya hata mahali ambapo wateja hawakuwa wameongezeka kwa mtu mmoja.

Victor Gruen, msanifu aliyebuni jumba la kwanza la maduka lililofungwa kabisa na kuwekewa kiyoyozi, yaani Southdale la huko Edina, Minnesota, mwaka 1956, hakuwa na nia hiyo. Alikuwa Mwaustria wa Vienna aliyekimbia mwaka 1938 baada ya Hitler kuingia nchini kwao. Kichwani mwake alikuwa na mitaa ya Vienna, mahali ambapo watu hutembea, hukaa, hunywa kahawa, huonana. Southdale aliichora pamoja na nyumba, shule, huduma za afya na bustani. Yakajengwa maduka, na kuyazunguka yakawekwa maegesho. Mwishoni mwa maisha yake alikataa hadharani kuitwa baba wa majumba haya. Naona alikuwa na haki. Alichokitaka ni mtaa, wakachukua paa wakaacha mtaa.

Turudi North Randall, kwa sababu kuna upande wa kijiji pia, na upande huo ndio unaoniumiza zaidi. Katika Ohio, halmashauri ya mji au kijiji inaweza kumtoza kodi ya mapato mtu anayefanya kazi ndani ya mipaka yake hata kama analala kwingine. Fikiria basi kijiji cha watu elfu moja kinachopata jumba lenye maelfu ya wafanyakazi. Kila mshahara wa mwuzaji, mlinzi na mpishi wa chipsi unaacha kitu kwenye kapu la kijiji. Kodi ya majengo nayo inaingia, hadi shule za wilaya ya Warrensville Heights zinapata chake. Hapo utaelewa kwa nini walichora mifuko ile. Walichora kinachowalisha.

Tatizo ni kwamba kila halmashauri jirani ilikuwa inapiga hesabu hiyohiyo. Richmond Mall lilikuwapo tangu miaka ya 1960 upande wa mashariki wa Cleveland. Euclid Square likafunguliwa 1977. Beachwood Place, kilomita chache kaskazini mwa Randall Park, likafunguliwa 1978 likiwa na maduka ya wenye uwezo. Hakuna aliyekaa juu ya halmashauri hizi zote na kuuliza wateja wa kuyajaza majumba yote haya wanatoka wapi.

Na wateja walikuwa wanapungua. Mwaka 1950 Cleveland ilikuwa na watu 914,808. Kufikia 1980 walibaki 573,822. Tarehe 19 Septemba 1977, mwaka mmoja tu na mwezi baada ya Randall Park kufunguliwa, kiwanda kikubwa cha chuma kilitangaza kufungwa Youngstown, mji wa DeBartolo mwenyewe, na kazi zipatazo 5,000 zikaenda. Watu wa kule bado wanaiita siku ile Jumatatu Nyeusi. Desemba 1978 jiji la Cleveland likashindwa kulipa madeni yake ya benki. Hiyo ndiyo ardhi ambayo jumba kubwa kuliko yote lilipandwa. Halikuleta fedha mpya katika eneo lile. Lilizihamisha tu kutoka kwenye maduka ya katikati ya jiji na ya vitongoji vya jirani, na baada ya miaka michache wengine wakaanza kuzihamisha kutoka kwake.

Kuna na jambo la rangi, na sioni sababu ya kulipita kimya. Familia za wazungu zilikuwa zinaondoka katika vitongoji vya kusini-mashariki kadiri familia za weusi zilivyokuwa zinahamia, kutafuta nyumba nzuri na shule kama mzazi yeyote. Wateja wa Randall Park wakazidi kuwa weusi. Biashara nyingi za Marekani za wakati ule ziliyasoma mabadiliko ya namna hiyo kama dalili ya kushuka, zikafungasha hata pale ambapo fedha za wateja zilikuwa zinaonekana mikononi mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya sinema ya Magic Johnson, yule nyota wa mpira wa kikapu, ilifungua kumbi zake pale kwa imani kwamba watu weusi nao wanataka sinema nzuri karibu na kwao. Ilikuwa imani sahihi. Lakini kumbi za sinema pekee hazikuweza kulibeba jumba la futi milioni 2 ambalo nguzo zake zimeanza kuchomoka.

Nguzo hizo ndizo siri ya biashara hii, na namna nzuri ya kuieleza ni kupitia kwa mtu ninayemfahamu.

Kuna dada mmoja hapa Dar, simtaji jina, aliyekuwa anauza viatu vya watoto katika jumba moja la maduka ambalo nalo silitaji. Alilipa kilemba kwa mpangaji aliyemtangulia, akalipa kodi ya miezi sita mbele, akaweka rafu, taa na kioo. Fremu yake ilikuwa hatua chache kutoka mlango wa supamaketi. Kila mama aliyekwenda kununua mchele na maziwa alipita mbele ya viatu vile akiwa na mtoto mkononi, na mtoto akiona kiatu chenye taa kisiginoni, kazi ya kushawishi wateja imekwisha. Aliniambia kwamba kodi ya mita moja ya fremu yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya supamaketi. Hakulalamika. Alijua anachokilipia: alikuwa analipia miguu ya wateja wa supamaketi.

Duniani kote ndivyo ilivyo. Mpangaji mkuu, duka kubwa linalovuta watu, hulipa kidogo sana kwa kila mita, na pengine anapewa kiwanja cha kujenga mwenyewe. Wadogo ndio wanaobeba jumba. Mpango huu ni mzuri hadi mkubwa aondoke. Supamaketi ya dada yule ilianza kwa kupunguza mzigo. Rafu za mbele zikabaki zimepangwa, nyuma yake hamna kitu. Siku moja maziwa hamna, wiki inayofuata unga hamna. Kisha milango ikafungwa, na karatasi kubwa nyeupe zikabandikwa kwenye vioo kwa ndani. Wale mama wakaenda kwingine na watoto wao. Dada alikaa miezi miwili akifungua asubuhi na kufunga jioni huku anawauzia wapangaji wenzake. Alipokwenda kwa mwenye jengo kuomba apunguziwe, alionyeshwa mkataba, na kwenye mkataba hapakuwa na neno lolote kuhusu supamaketi.

Marekani maduka ya kampuni zenye matawi mengi na mawakili huliandika neno hilo: duka kubwa fulani likifungwa, sisi tutalipa nusu, au tutaondoka bila faini. Linamlinda mdogo, lakini kwa jumba zima ni sawa na kibiriti kwenye nyasi kavu. Mkubwa mmoja akitoka, wadogo kumi wanapata ruhusa ya kutoka siku hiyohiyo. Kodi ya pango inashuka, ukarabati unaahirishwa, taa zinapunguzwa kwenye kumbi zisizo na watu, na wateja waliobaki wanaona giza na kuogopa. Huko Randall Park hata majina ya wakubwa yalibadilika kwa kuunganishwa na kuuzwa: May Company likawa Kaufmann's mwaka 1993, kisha Macy's. Higbee's likawa Dillard's. Kila muungano ulimaanisha bodi moja iliyo mbali inatazama orodha ya matawi na kukata yenye faida ndogo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine.

Sasa ile hoja ya intaneti. Mwaka 2009, jumba lilipofungwa, manunuzi ya mtandaoni Marekani yalikuwa kama asilimia 4 ya mauzo yote ya rejareja. Dola 96 katika kila 100 zilikuwa bado zinatumika madukani. Zilikuwa tu katika maduka mengine, mapya zaidi, kwenye barabara nyingine, na katika yale maduka ya bei nafuu yaliyojitenga peke yake na uwanja wake wa magari. Amazon ilipofika North Randall ilikuta kaburi lenye nyasi. Ilitangaza mwaka 2017 kwamba itajenga, na mwaka uliofuata ghala likaanza kazi, likiwa na futi za mraba 855,000 na ahadi ya ajira zaidi ya 2,000. Kijiji kilipokea kwa mikono miwili, na siwezi kukilaumu, kwa kuwa kodi ya mishahara ni ileile. Euclid Square nalo lilibomolewa likawa ghala la Amazon. Rolling Acres la Akron vilevile. Majumba matatu ya maduka katika pembe moja ya jimbo moja yamegeuka mahali pa kufungia vifurushi. Ardhi kubwa tambarare, kando ya barabara kuu, tayari ina umeme na mabomba: sifa zilizowavuta wajenzi wa miaka ya 1970 ndizo zilizoivuta kampuni ya maghala.

Kabla hayajabomolewa, yalipitia kipindi ambacho mimi nakiona cha huzuni na cha heshima kwa pamoja. Euclid Square lilipokosa wenye maduka, makanisa yalipanga fremu. Palipouzwa suruali pakawekwa madhabahu na viti vya plastiki, kanisa hili likipakana na jingine ukuta kwa ukuta, na Jumapili korido zikajaa nyimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa, kwa kuwa kumbi zetu za zamani za sinema zimepita njia hiyohiyo. Katika majumba mengi ya Marekani wazee pia huja asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa kufanya mazoezi ya kutembea, kwa sababu nje kuna theluji na ndani hakuna magari. Vijana walipata humo kazi zao za kwanza na wachumba wao wa kwanza. Watu walifanya juhudi ya kweli kuligeuza jengo la biashara liwe mtaa, kama Gruen alivyotaka. Lakini uamuzi wa kulifunga ulikuwa wa mwenye hati, na wazee wa matembezi hawakuwa na hisa.

Nilisema nitarudi Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo la soko kuu liliungua. Wafanyabiashara walipoteza mitaji ya miaka, na hasara hiyo sitaki kuipunguza hata kidogo. Lakini mtaa wa Kongo ulifungua. Msimbazi ilifungua. Mchikichi, Swahili, Sikukuu, zote zikaendelea kuuza, na wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lilongwe na Lusaka wakaendelea kuja kufunga mizigo. Soko lilikuwa limeenea katika maelfu ya fremu, stoo, madalali, wapagazi, mama ntilie na machinga, kila mmoja na mtaji wake na wateja wake, kiasi kwamba kuungua kwa jengo lake kuu hakukuweza kulisimamisha. Randall Park lilikuwa kinyume chake. Jengo lilisimama imara, halijaungua wala kupasuka, na ndani yake biashara ikakauka kwa sababu kampuni tano ziliondoka.

Sisemi kwamba majumba ya maduka ni laana. Tazama Mlimani City, lililofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Limepitiwa na misukosuko ya wapangaji wakuu ambayo ingetosha kuua jumba la Ohio. Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini, iliondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Nakumatt nayo, iliyoanzia kwenye biashara ya magodoro Nakuru ikafika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ifungwe. Game, duka jingine kubwa la Afrika Kusini, likaondoka Afrika Mashariki mwaka 2022. Na bado nenda Mlimani City Jumamosi jioni uone watu. Nadhani sababu ni kwamba limekaa kati ya wanafunzi, ofisi, hospitali na vituo vya daladala vya barabara ya Sam Nujoma, mahali ambapo watu wangepita hata kama lisingekuwapo.

Wasiwasi wangu uko kwa mengine. Barabara ya Thika jijini Nairobi ilikamilika 2012. Thika Road Mall likafunguliwa mwaka uliofuata na Garden City 2015, umbali mfupi kutoka jingine, na mengine yakafuata barabara hiyohiyo. Dar kila barabara inayopanuliwa inaota bango la jumba jipya lenye picha ya ngazi za umeme na familia inayotabasamu. Mwekezaji anaonyesha idadi ya magari yanayopita na ukubwa wa maegesho. Benki inauliza mpangaji mkuu ni nani. Halmashauri inauliza kodi. Mfanyabiashara mdogo, ambaye kodi yake ya pango ndiyo itakayolipa mkopo wa benki, anaitwa mwisho, wakati fremu zimeshachorwa, na anapewa mkataba wa kusaini ambao hausemi chochote kuhusu siku mkubwa atakapoondoka. Kipengele hicho kinaweza kuandikwa kwa sentensi mbili. Halmashauri zinazotoa vibali zinaweza kudai kiwemo, na zinaweza kuuliza kabla ya kutoa kibali cha jumba la tatu: haya mawili ya kwanza yamejaa?

Dada wa viatu alihama. Safari hii dalali alipomwonyesha fremu huko Sinza, hakutazama kioo wala vigae. Alinunua daftari la shule, akaenda kukaa kwa mama ntilie upande wa pili wa barabara kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja na nusu usiku, siku tatu mfululizo. Akawa anachora mstari kwa kila mtu aliyepita kwa miguu, na kwa kila mtu mwenye mtoto akachora msalaba. Siku ya nne alihesabu misalaba yake, akampigia dalali simu, na wakaanza kubishana juu ya kilemba.